Kabla ya Laptopu, Tengeneza Laini: Neno kwa Mwanafunzi wa Garsen Anayekwenda Kusoma Ng'ambo

Barua ya kukubaliwa chuoni ikifika nyumbani, iwe ni Garsen mjini, Ngao, Tarasaa au Hola, habari haikai. Mtoto amepata nafasi Kampala, au Istanbul, au Madina, au India, au Uchina. Kundi la WhatsApp la harambee linafunguliwa, mweka hazina anachaguliwa, na pesa zinaanza kuingia kwa simu: mia mbili hapa, elfu moja pale, za mjomba aliye Mombasa na za shangazi aliye Garissa. Halafu inaandikwa orodha ya vitu. Laptopu ndiyo ya kwanza. Zinafuata simu mpya, spika, pasi, birika la umeme, pawabanki na waya za kila aina.

Orodha hiyo si mbaya. Lakini kuna kitu kimoja ambacho mara nyingi hakimo, na kwa maoni yetu ndicho kilifaa kuandikwa juu kabisa: laini ya simu ya Kenya. Laptopu ikiharibika ng'ambo, kuna fundi na kuna maktaba ya chuo. Laini ikikufa ukiwa huko, au ikiwa mikononi mwa mtu mwingine, umefungiwa nje ya pesa zako mwenyewe, na ufunguo uko kilomita elfu kadhaa kutoka ulipo.

Ndiyo maana tunasema: kabla ya laptopu, tengeneza laini. Vifaa vingine tutavizungumzia pia, maana navyo vinakula pesa za watu bure. Tuanze na hili kwanza.

Laini imebeba nini?

Tangu M-Pesa ianze Machi 2007, nambari ya simu hapa Kenya imeacha kuwa kitu cha kupigia tu. Ndiyo pochi yako. Ndiyo inayopokea nambari za uthibitisho kutoka benki. Ndiyo iliyoandikwa kwenye akaunti yako ya eCitizen, ambako uliombea pasipoti na ambako utarudi kuomba huduma nyingine za serikali. WhatsApp yako imefunguliwa kwa nambari hiyo hiyo. Barua pepe ukisahau neno la siri, ujumbe wa kukurudishia unakuja hapo hapo.

Sasa tuseme mwanafunzi amefika Istanbul. Mwezi wa tatu chuo kinataka malipo. Pesa za harambee ziko benki kwa jina lake, na programu ya benki iko kwenye simu. Anabonyeza, benki inasema imetuma ujumbe wa nambari sita. Ujumbe huo umeenda kwenye laini iliyo ndani ya droo nyumbani Garsen, au kwenye simu ya kaka yake aliyeichukua "asije ikafa bure." Laptopu ya elfu sitini haimsaidii chochote hapo.

Na kuirekebisha kutoka mbali ni kazi. Laini iliyopotea inabadilishwa kwa mwenyewe kufika na kitambulisho chake. Huo ni ulinzi mzuri ukiwa Kenya, maana unamzuia tapeli. Ukiwa bwenini Pune, ulinzi huo huo unakuzuia wewe. Kwa hivyo kazi yote ya laini inafaa kuisha kabla hujapanda basi la kwenda Malindi au Mombasa.

Laini hii ni ya nani?

Swali hili linaonekana la mchezo, lakini jibu huwashangaza wengi. Vijana wetu wengi walianza kutumia simu wakiwa shule ya sekondari, kabla ya kupata kitambulisho. Laini ilisajiliwa kwa jina la mama, au la baba mdogo, au la mtu fulani aliyekuwa karibu siku hiyo. Kanuni za usajili wa laini zinataka kila laini iwe na mwenyewe anayejulikana, na Mamlaka ya Mawasiliano ilisukuma zoezi la kuhakiki usajili hadi Oktoba 15, 2022. Wengi walihakiki, sawa. Lakini kuhakiki laini ya mama hakuifanyi iwe yako.

Piga *106# uone nambari zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Kama ile unayoitumia kila siku haimo, basi kisheria si yako, hata kama umeitumia miaka mitano. Mwenye jina ndiye anayeweza kuibadilisha, kuifunga au kuidai. Nenda naye dukani kwa mtandao wenu, kila mmoja na kitambulisho chake, laini ihamishwe jina.

Kwa mtu wa Nairobi hii ni shughuli ya saa ya chakula cha mchana. Kwa mtu wa Garsen yaweza kuwa safari ya Malindi, zaidi ya kilomita 100 kwenda peke yake, au ya Hola. Mvua ikinyesha hujui kama barabara itakuwa wazi. Kwa hivyo usiiache hadi wiki ya mwisho. Ifanye siku ile ile unayokwenda kushughulikia pasipoti au benki.

Ukiwa hapo, linganisha majina. Kitambulisho kimeandikwa Mohamed, pasipoti Muhammad, na kwenye pochi ya simu kuna majina mawili tu badala ya matatu. Nyumbani hakuna anayejali. Ng'ambo, kampuni ya kutuma pesa inalinganisha herufi kwa herufi, na jina lisipolingana pesa zinakaa zikisubiri maelezo. Ni afadhali ujieleze Kiswahili hapa Kenya kuliko Kituruki huko.

Usimwachie ndugu laini yako

Hapa tunajua tutapingwa, kwa hivyo tuseme kwanza kwa nini watu hufanya hivyo. Laini imezoeleka. Watu wote wa harambee wana nambari hiyo. Ndugu anayebaki anaonekana ni mtu wa nyumbani, na mzazi anasema: "Mwachie mdogo wako PIN, pesa zikiingia atatoa atutumie." Hakuna nia mbaya hapo. Ni njia ya watu walio mbali na duka la mtandao na mbali na benki kurahisisha mambo.

Lakini angalia kinachotokea. Umempa mtu mmoja pochi yako, benki yako, eCitizen yako na jina lako. Akichukua mkopo wa simu, umeukopa wewe. Akishindwa kulipa, jina linalopelekwa kwenye rekodi za mikopo ni lako. Akipoteza simu matatuni, aliyeiokota akipata na PIN, hasara ni yako. Na likitokea jambo la kupelekwa polisi, laini inasoma kitambulisho chako. Ndugu anaweza kuwa mwaminifu kabisa na bado ukaumia, kwa sababu simu huibwa na watu hudanganywa.

Kuna lingine ambalo watu hawalisemi wazi. Mzigo huo unamuumiza pia yule aliyebaki. Shilingi elfu mbili zikikosekana kwenye hesabu, hata kama ni ada ya kutoa tu, yeye ndiye anayetazamwa. Tumeona ndugu wakinuniana kwa jambo ambalo PIN mbili tofauti zingelimaliza.

Njia iliyo bora ni rahisi. Laini yako inasafiri nawe. PIN inabaki kichwani mwako. Pesa za harambee zipokelewe na mweka hazina kwa laini yake au akaunti ya kundi, na taarifa iwekwe kwenye kundi kila wiki: kimeingia kiasi gani, kimetoka kiasi gani, kimelipa nini. Kabla ya kusafiri lipa madeni yote ya simu, mkopo wa kuongezewa salio ukiwemo, maana deni dogo ukiwa na mapato hapa linakuwa deni la kusahaulika ukiwa mbali.

Fanya pia haya mawili. Zuia laini isibadilishwe na mtu mwingine. Kwa wateja wa Safaricom, *100*100# inafanya laini ibadilishwe dukani kwao tu. Halafu uliza mtandao wako jinsi ya kufungua romingi kabla hujaondoka, ukiwa bado kwenye mtandao wa nyumbani.

"Lakini romingi ni ghali"

Ni kweli, ukiitumia vibaya. Data ya romingi inaweza kumaliza kredo kabla hujatoka uwanja wa ndege. Kupokea simu ukiwa nje pia kunaweza kulipiwa. Lakini wewe huhitaji laini ya Kenya kwa simu wala kwa data. Unaihitaji kwa ujumbe mfupi, na kupokea ujumbe mfupi ukiwa kwenye romingi kwa kawaida hakukati pesa. Ingia kwenye mipangilio ya simu, zima data ya romingi, acha laini iwe hewani tu. Weka kredo kidogo, na kila baada ya muda tuma ujumbe mmoja au nunua kitu kidogo kwa laini hiyo. Laini isiyotumika kwa muda mrefu huzimwa, na nambari yake hupewa mtu mwingine. Mtu huyo hatakuwa na ubaya wowote nawe, ila nambari za uthibitisho za benki yako zitakuwa zikimfikia yeye.

Kwa hiyo gharama ya kuiweka hai ni ndogo mno ukiilinganisha na nauli ya kurudi kuja kuomba laini mpya.

Simu: tafuta ya laini mbili

Ukikubaliana nasi juu ya laini, uchaguzi wa simu unakuwa mwepesi. Huhitaji simu ya bei kubwa. Unahitaji simu ya laini mbili, au yenye nafasi moja pamoja na eSIM. Laini ya Kenya inakaa upande mmoja kwa ajili ya ujumbe. Laini ya nchi unayokwenda inakaa upande wa pili kwa simu na intaneti. Hakuna kuchomoa na kuweka, hakuna kadi ndogo ya kupotea chini ya kitanda cha bweni.

Kama simu uliichukua kwa mkopo wa kulipa kidogo kidogo kila siku, imalize kulipa kabla ya safari. Simu za aina hiyo hujifunga malipo yakichelewa, na ukiwa nje huenda usiweze kulipa kwa wakati. Kama ni ya mtumba, hakikisha mwenye zamani ametoa akaunti yake ya Google au Apple, la sivyo siku utakayoifuta itakuomba neno la siri la mtu usiyemjua.

Wanaokwenda Uturuki wasikilize hili vizuri. Simu iliyotoka nje ya nchi ikitumiwa na laini ya Kituruki inafanya kazi siku 120, halafu inafungiwa mitandao ya huko mpaka isajiliwe na ushuru ulipwe. Ushuru huo hupandishwa mara kwa mara na unaweza kuizidi bei ya simu yenyewe. Kwa hiyo kumnunulia mtoto simu ya elfu hamsini ya kwenda nayo Uturuki si busara. Nenda na ya kawaida, itabaki na laini yako ya Kenya na waifai ya bwenini, kisha ujipange taratibu kununua ya huko.

Popote unapokwenda, piga *#06#, uandike ile nambari ya tarakimu 15 ya simu yako na uwaachie wa nyumbani nakala. Simu ikiibwa, hiyo ndiyo utakayoulizwa.

Soma maandishi madogo ya chaja

Hapa ndipo pesa nyingi zinapotea kwa kukosa kusoma mstari mmoja. Geuza chaja ya laptopu au ya simu uangalie palipoandikwa INPUT. Ukiona 100–240V, 50/60Hz, chaja hiyo itafanya kazi karibu kila nchi, na unachohitaji ni adapta ya plagi ya bei ndogo. Ukiona 220–240V peke yake, kifaa hicho hakifai Marekani, ambako umeme ni volti 120. Pasi ya hapa ukiipeleka kule itakuwa vuguvugu tu. Na kifaa cha volti 120 ukikirudisha Garsen ukakichomeka, kitaungua.

Kuhusu plagi, sisi tunatumia ile ya miguu mitatu bapa. Uganda ni hiyo hiyo. Uingereza, Malaysia na Saudi Arabia pia. Anayekwenda Kampala au Madina akiuziwa adapta ya dunia nzima ametupa pesa. Uturuki na Ujerumani wana matundu mawili ya mviringo. India ina miguu mitatu ya mviringo. Uchina ina miguu bapa ya mpangilio wao. Huko ndiko unakohitaji adapta, na moja au mbili zinatosha.

Birika, jiko dogo la umeme, koili ya kuchemshia maji na pasi, acha. Mabweni mengi hayaruhusu vifaa vinavyotoa joto vyumbani kwa kuogopa moto, na vikikamatwa huchukuliwa. Tunajua chai ya asubuhi ni jambo zito kwa mtu wa Tana. Lakini mabweni huwa na jiko la pamoja, na sufuria haihitaji plagi. Soma sheria za bweni kwanza, ziko kwenye barua au tovuti ya chuo, ndipo ununue.

Pawabanki inabebwa ndani ya ndege mkononi, haiwekwi kwenye sanduku la chini. Kipimo ni wati-saa 100 bila kuomba ruhusa. Ya 20,000 mAh ni kama wati-saa 74, kwa hivyo inapita. Zile kubwa za 30,000 zinazidi. Kwa anayekwenda Uchina: tangu Juni 28, 2025, ndege zao za ndani haziruhusu pawabanki isiyo na alama ya 3C. Ukishuka Guangzhou na bado una ndege ya kuelekea mji mwingine, ya Garsen inaweza kubaki uwanjani.

Laptopu je? Uliza idara yako kwanza. Mwanafunzi wa uhandisi au usanifu wa majengo anahitaji mashine nzito. Wa dini, lugha au biashara anaweza kuanza na ya kawaida, hata ya mtumba iliyo safi. Nchi kama Uturuki au Ujerumani, kibodi za madukani ni za lugha zao, na baadhi ya herufi zimehama mahali. Ukizoea ya Kiingereza, nunua hapa. Kwingine si lazima kuharakisha. Vyuo vina vyumba vya kompyuta, na wiki mbili za kuwauliza wanafunzi waliotangulia zinaweza kukuokolea maelfu.

Intaneti ya bwenini

Usinunue vifurushi vikubwa vya intaneti kabla ya kujua chuo kinatoa nini. Vyuo vingi duniani vina waifai iitwayo eduroam. Akaunti moja ya chuo chako inakufungulia mtandao hata ukitembelea chuo kingine kinachoshiriki, kikiwemo cha Kenya ukija likizo, kwa maana hapa inasimamiwa na KENET. Chuo kikikupa akaunti kabla ya kusafiri, iingize kwenye simu na laptopu ukiwa bado nyumbani.

Kununua laini ya huko kutahitaji pasipoti, na nchi nyingine kama Saudi Arabia huchukua na alama za vidole. Kwa hivyo siku za mwanzo unaweza kukaa bila laini. Barua ya chuo, anwani ya bweni na nambari za watu wa kukupokea ziwe zimepakuliwa kwenye simu na pia zimeandikwa kwenye karatasi. Karatasi haiishi chaji.

Nchi mbili zina mambo yake. Uchina, WhatsApp, Google, Facebook na YouTube zimefungwa. Watu wanatumia WeChat, na kuifungua mara nyingi kunahitaji mtu aliyemo tayari akuthibitishe. Basi fungua yako na ya mtu mmoja nyumbani kabla ya kuondoka, mzungumze mara mbili tatu mkiwa chumba kimoja. Ukisubiri mpaka ufike, mama atakaa wiki nzima hajui kama umefika. Uganda, wakati wa uchaguzi wa Januari 2021, intaneti ilizimwa karibu siku tano. Anayesoma huko awe na pesa taslimu kidogo za dharura, na wa nyumbani wajue kwamba kimya cha WhatsApp si lazima kiwe msiba. Simu ya kawaida inaweza kuwa bado inalia.

Na jambo la usalama: waifai ya bweni, ya hoteli au ya uwanja wa ndege inaweza kukuomba barua pepe au nambari ya chumba. Hakuna waifai inayohitaji PIN yako ya pesa. Ukiona ukurasa unaiomba, funga.

Upande wa Garsen nao utengenezwe

Tunazungumza sana juu ya anayesafiri, tunamsahau anayebaki. Mawasiliano yana ncha mbili. Mafuriko ya Novemba 2023 yalikata barabara za Tana River, na ya Aprili na Mei 2024 yakarudia. Wakati kama huo umeme unapotea, chaji inatafutwa, na wakala anaweza kuwa yupo lakini hana pesa za kutoa. Mwanafunzi anayetegemea kutumiwa pesa tarehe 30 kwa ajili ya kodi ya tarehe 1 anacheza na maji. Tumeni wiki mbili mapema, hasa miezi ya mvua.

Halafu angalia simu ya mama. Kama ni ile ya vitufe, basi simu mpya ya mtoto yenye kamera tatu haimsaidii mama kumwona. Kwa maoni yetu, zile elfu kumi za spika na saa ya mkononi zingenunua simu ndogo ya intaneti ya kubaki nyumbani. Mzazi asiyesoma atasikiliza ujumbe wa sauti wa Kipokomo au Kiorma wala hatahitaji kuandika neno. Huo ndio ununuzi wa vifaa vya umeme tungeupigia makofi kwenye harambee.

Mwisho kuna matapeli. Wanajua mtoto amesafiri, kwa sababu sisi wenyewe tumetangaza: picha ya uwanja wa ndege, jina la chuo, pongezi mia moja. Baada ya miezi miwili ujumbe unaingia kwa nambari ngeni: "Mama ni mimi, simu imeibwa, hii ni nambari yangu mpya, nimeshikwa polisi, tuma haraka kwa huyu rafiki yangu wa Nairobi." Mzazi gani hatatetemeka? Tapeli hapigi, anaandika, na anaharakisha.

Dawa ni mapatano, na yafanywe uso kwa uso kabla ya safari. Pesa haziendi kwenye nambari mpya mpaka sauti isikike. Sauti ikisikika, mzazi anauliza swali ambalo jibu lake haliko Facebook: jina la ng'ombe aliyezama mwaka ule, au mtu aliyekubeba ulipovunjika mkono. Na watu wawili wakubali kabla ya kutuma, si mmoja. Mtoto naye asikasirike akiulizwa. Siku atakayoulizwa ndiyo siku ulinzi umefanya kazi.

Nakala za pasipoti na viza pia zisitupwe kwenye kundi la harambee. Watu mia mbili hawahitaji kuona nambari ya pasipoti ili wachange. Mweka hazina aone, inatosha.

Wiki ya mwisho nyumbani

- Laini iko kwa jina lako, na jina linalingana na pasipoti.
- Romingi imefunguliwa, data ya romingi imezimwa, kredo ipo.
- Laini imezuiwa isibadilishwe kiholela, madeni ya simu yamelipwa.
- Benki, eCitizen na barua pepe umezijaribu kuziingia zote kutoka simu utakayosafiri nayo.
- WhatsApp imewekewa nambari ya siri ya hatua mbili, pamoja na barua pepe ya kuirudisha.
- Nambari ya tarakimu 15 ya simu iko nyumbani kwenye karatasi.
- Chaja zimesomwa, adapta imenunuliwa kama inahitajika, birika limebaki jikoni.
- Mama, baba au mlezi anajua swali la siri, na anajua kupokea simu ya video.

Tazama hiyo orodha tena. Mambo mengi ndani yake hayagharimu hata shilingi mia. Yanataka muda, nauli ya kwenda dukani, na jioni moja ya kukaa na wazee mkielewana. Laptopu itanunuliwa tu, maana kila mtu anaikumbuka. Laini haina wa kuikumbusha, na ndiyo itakayoamua kama jasho la watu waliochanga mia mbili mbili litamfikia mtoto aliyechangiwa.